Ombi lililokataliwa kimyakimya: kisa cha adbd kwenye simu za Android za 2010

Agosti 2010 Sebastian Krahmer, mtafiti wa usalama wa kompyuta anayefahamika sana miongoni mwa watu wa Linux, alitoa hadharani programu fupi ya lugha ya C kwa jina la 743C. Programu yenyewe iliitwa rageagainstthecage. Ulikuwa unaipeleka kwenye simu ya Android kwa kebo ya USB, unaiendesha ndani ya sheli, yaani programu inayopokea amri za maandishi, nayo inaanza kwa kukuandikia CVE-2010-EASY, namba ya udhaifu aliyoitunga mwandishi mwenyewe. Punde mawasiliano kati ya simu na kompyuta yanakatika. Ukiunganisha tena na kufungua sheli upya, alama ya $ iliyokuwa mwanzoni mwa mstari imegeuka kuwa #. Aliyezoea Unix anajua maana yake papo hapo: simu sasa inakutambua kuwa ruti, mtumiaji namba 0, ambaye ruhusa za mafaili hazimzuii popote.

Mashambulizi mengi ya kupanda ngazi ya mamlaka huvuruga kumbukumbu ya programu, yakaandika pasipotakiwa kuandikwa. Hapa hakuna kilichovurugwa. Hakuna nywila iliyokisiwa, wala funguo ya siri iliyoibwa. Kila programu ndani ya simu ilifanya kazi ile ile iliyoandikiwa kufanya. Mlango ulikuwa mstari mmoja wa msimbo ulioiomba kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, jambo fulani, kerneli ikakataa, na programu ikaendelea na safari kana kwamba imekubaliwa. Nakiona kisa hiki kuwa somo bora kuliko mengi kwa yeyote anayeandika programu inayoanza na mamlaka makubwa kisha kuyaacha, na ndiyo maana nitakipitia polepole.

Kwenye Linux na ndugu zake kila mchakato, yaani programu inayoendeshwa, hubeba namba ya mtumiaji anayewakilishwa nao. Namba hiyo ndiyo kerneli inayoitazama inapoamua kama faili hili lisomeke, kama mchakato ule uuawe, kama saa ibadilishwe. Mapema kabisa katika historia ya Unix, Dennis Ritchie wa Bell Labs alibuni utaratibu wa kuifanya programu iendeshwe kwa mamlaka ya mwenye faili badala ya aliyeiita. Hataza yake ya Marekani, namba 4,135,240, ilitolewa Januari 1979. Toka hapo kila mwandishi wa programu za mfumo amekuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kutumia mamlaka hayo kwa kile tu kilicholazimu. Ya pili ni kujivua mamlaka mara kazi hiyo inapokwisha, ili kosa lolote litakalotokea baadaye limkute mtumiaji wa kawaida asiye na la kuharibu. Kwa kujivua, mchakato huiomba kerneli: nilikuwa 0, sasa nifanye 2000. Ombi hilo ndilo setuid.

Ndani ya simu ya Android kuna programu inayoitwa adbd. Ndiyo inayozungumza na kompyuta kupitia kebo pale msanidi anapotaka kusakinisha programu, kusoma kumbukumbu za matukio au kufungua sheli. Programu hii huwashwa na init, mchakato wa kwanza kabisa wa simu, na kwa kuwa init ni ruti, adbd nayo huzaliwa ikiwa ruti. Kwenye simu za wahandisi wanaoijenga Android yenyewe, adbd ilitakiwa ibaki hivyo. Kwenye simu zilizouzwa madukani ilitakiwa ishuke iwe mtumiaji aitwaye shell, namba 2000. Kigezo cha kuchagua kilikuwa kipengele cha mfumo kiitwacho ro.secure. Kikiwa na thamani 1, adbd ijivue yenyewe. Tayari hapo pana jambo la kuangalia: uamuzi wa kushuka ulikabidhiwa kwa programu ile ile yenye mamlaka, itekeleze yenyewe kwa uaminifu, bila mtu mwingine wa kuhakikisha.

Katika Android 2.2, sehemu yenyewe ya msimbo ilikuwa hivi, ukiondoa maelezo ya pembeni (AID_SHELL ni ile namba 2000):

setgroups(sizeof(groups)/sizeof(groups[0]), groups);
setgid(AID_SHELL);
setuid(AID_SHELL);

Aliyeandika mistari hii alijua anachofanya, na ni haki kulisema hilo kabla ya kuonyesha kasoro. Mpangilio ni sahihi. Kwanza makundi ya ziada, halafu kundi kuu, mwisho mtumiaji. Ungeanza na setuid, ungekuwa umeshapoteza mamlaka ya kubadilisha makundi, na mchakato ungebaki na makundi ya ruti mfukoni. Hilo ni kosa linalofanyika hadi leo. Makundi yenyewe yalichaguliwa kwa uangalifu, kila moja likiwa na sababu yake: moja la kufikia kiendeshi cha USB, lingine la kusoma kumbukumbu za matukio, lingine la kuandika kwenye kadi ya SD. Kabla ya hapo kulikuwa na ombi la kuiambia kerneli isifute uwezo maalumu pale namba ya mtumiaji inapobadilika, na baada ya hapo ombi la capset lililobakiza uwezo mmoja tu, ule wa kuizima na kuiwasha simu upya, ili amri ya adb reboot ifanye kazi, adb ikiwa programu ya upande wa kompyuta inayozungumza na adbd. Huo ni msimbo wa mtu aliyefikiri.

Sasa tazama mistari ile mitatu tena na utafute mahali ambapo jibu linasomwa. Halisomwi. Kila moja ya maombi hayo hurudisha 0 ikiwa limekubaliwa na -1 ikiwa limekataliwa, na majibu yote matatu yanatupwa.

Kwa nini mtu makini hivyo asiangalie? Jibu ninalolielewa mimi ni kwamba kwa miaka mingi waandishi wa programu za Unix waliamini ruti hakatazwi kitu. Anayeomba kupanda anaweza kukataliwa. Anayeomba kushuka, nani amkatalie? Na kwa Linux ya zamani imani hiyo ilikaribia kuwa kweli. Kilichoibadilisha ni kiraka kilichopendekezwa Julai 2003, wakati Linux 2.6 ikiandaliwa, na sababu yake ilikuwa nzuri kabisa.

Kerneli huweka ukomo wa idadi ya michakato ambayo mtumiaji mmoja anaweza kuwa nayo kwa wakati mmoja. Ukomo huo unaitwa RLIMIT_NPROC. Hukaguliwa pale mchakato unapozaa mwingine. Lakini chukua seva ya wavuti inayoanza kama ruti na kuendesha programu za wateja wake, kila moja kwa jina la mteja husika: mchakato unazaliwa ukiwa wa ruti, ambaye hahesabiwi, kisha unageuka kuwa wa mteja kwa setuid. Mteja angeweza kuvuka ukomo wake mara nyingi bila kuulizwa, maana hakuna aliyehesabu mlangoni hapo. Kiraka cha 2003 kiliweka mhesabuji. Kuanzia hapo, mchakato ukiomba kuwa mtumiaji fulani ambaye tayari amefikia ukomo, kerneli inarudisha -1 pamoja na kosa EAGAIN, ambalo maana yake ni kwamba rasilimali imekwisha kwa sasa, jaribu tena baadaye. Aliyesamehewa ni ruti peke yake.

Kwa hiyo kuanzia kerneli za 2.6 kulikuwa na njia ambayo ruti mwenyewe anaweza kukatazwa kushuka. Na mwenye uwezo wa kuisababisha hali hiyo alikuwa mtumiaji wa chini, yule yule ambaye kushuka kulikusudiwa kumdhibiti. Android ilijengwa juu ya kerneli hizo.

Sasa shambulio. Unafungua sheli kupitia adb na unapata mamlaka ya mtumiaji 2000. Programu ya Krahmer inaangalia ukomo ni kiasi gani, kisha inapitia orodha ya michakato kutafuta adbd ina namba gani. Halafu inaanza kuzaa michakato, mmoja baada ya mwingine, yote kwa jina la 2000. Kila mtoto anakufa papo hapo, lakini mzazi wake hampokei kifo chake, kwa hiyo anabaki kama msukule: hatumii kichakataji wala karibu kumbukumbu yoyote, lakini jina lake bado limo kwenye daftari la kerneli na bado anahesabiwa. Simu haizidiwi. Daftari tu ndilo linalojaa. Inafika mahali kerneli inakataa kuongeza hata mmoja, na hapo mtumiaji 2000 ameshafikia ukomo wake.

Kinachofuata ni kuiua adbd. Inawezekana kwa sababu adbd, ilipowashwa mara ya kwanza, ilishuka vizuri ikawa 2000, na mtumiaji anaruhusiwa kuua michakato ya jina lake. Hapa pana mbio za sekunde chache. Adbd ikifa inaacha nafasi moja wazi, na kama nafasi hiyo ikibaki wazi, adbd mpya itaipata na kushuka kama kawaida. Ndiyo maana kazi ya kuzaa michakato iliwekwa kwenye mchakato wa pembeni usiosimama, ili ile nafasi moja izibwe kabla adbd mpya haijafika kwenye mstari wa setuid. Mwandishi mwenyewe aliyaeleza haya kwenye maelezo ndani ya msimbo, akikiri kuwa mbinu ina bahati nasibu kidogo.

Init inaona adbd imekufa na inaiwasha upya, kama ilivyoagizwa. Adbd mpya inazaliwa ikiwa ruti. Inapanga makundi: inakubaliwa. Inabadilisha kundi kuu: inakubaliwa pia, kwa sababu michakato huhesabiwa kwa mtumiaji, kundi halimo kwenye hesabu hiyo. Inaomba setuid: kerneli inatazama daftari la 2000, inaliona limejaa, inajibu -1. Hakuna anayesikiliza. Programu inasonga mbele, inafungua mawasiliano ya USB na kusubiri wateja ikiwa bado namba 0.

Kuna jambo moja ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka. Lile ombi la capset lililofuata lilikuwa limeinyang'anya adbd uwezo wote isipokuwa wa kuwasha simu upya. Kwa hiyo kwa muda mfupi adbd ilikuwa ruti wa jina tu, mikono mitupu. Mtu angedhani hilo lingetosha kumzuia mshambuliaji. Lakini kwenye Linux, mchakato wenye namba 0 unapoendesha programu mpya kwa execve, kerneli huurudishia uwezo wote, hiyo ndiyo heshima anayopewa ruti kwa kawaida. Na adbd kila inapoombwa sheli hufanya hivyo hasa: inazaa mtoto na mtoto anaendesha /system/bin/sh. Sheli hiyo inaamka ikiwa na mamlaka kamili. Ngao ya pili ilikuwepo, ila ilishikiliwa na ile ya kwanza. Namba ya mtumiaji iliposhindwa kubadilika, nayo ikaanguka.

Wengi waliotumia programu hii mwanzoni walikuwa wenye simu zao, watu waliotaka kuondoa programu zilizowekwa na kampuni ya simu au kusakinisha toleo jipya la Android ambalo mtengenezaji hakuwa na mpango wa kulileta. Siwalaumu. Lakini mlango usioangalia nani anapita haubagui. Mwanzoni mwa 2011 Krahmer alionyesha kuwa Zygote, mchakato wa ruti unaozaa kila programu tumishi ya Android na kuipa namba yake ya mtumiaji, ulikuwa na ugonjwa ule ule wa kutosoma jibu. Hapo hapakuhitajika kebo tena. Programu yoyote iliyosakinishwa ingeweza kujaza daftari lake yenyewe, kisha kuomba izaliwe upya.

Machi 2011 ikagunduliwa kuwa programu zaidi ya 50 zilizokuwa zikipakuliwa kutoka soko rasmi la Android zilikuwa na programu hasidi iliyokuja kuitwa DroidDream. Nyingi zilikuwa nakala za programu halali zilizofunguliwa na kuongezwa vitu ndani yake. Kati ya vilivyoongezwa, faili la rageagainstthecage lilikutwa mle likiwa na jina lake lile lile. Google iliziondoa sokoni na kuzifuta kwa mbali kwenye simu zilizokuwa zimezipakua, na ikaeleza kuwa udhaifu uliotumiwa haugusi Android 2.2.2 na matoleo ya baadaye.

Kauli hiyo ilikuwa ya faraja kwa aliyekuwa na 2.2.2. Mwaka huo huo Huawei IDEOS, simu ya Android 2.2 iliyouzwa kwa takriban shilingi 8,000 za Kenya, ndiyo iliyowaingiza Wakenya wengi kwenye simu janja kwa mara ya kwanza. Simu za bei hiyo popote duniani hazikuwa na desturi ya kupata matoleo mapya kwa wakati, na kwa mtu anayelipia kila megabaiti, kupakua toleo zima la mfumo lilikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili. Kasoro inayorekebishwa kwa mistari michache Marekani huendelea kuishi kwa miaka mfukoni mwa mtu wa Nairobi au Mwanza, na simu inapouzwa kwa mtu wa pili, inahama nayo. Anayeandika msimbo wa mfumo anapaswa kuliweka hilo akilini: kiraka anachotoa hakiwafikii wote, ila kosa lake limeshawafikia.

Marekebisho yenyewe yalikuwa haya, kwa kila moja ya maombi yale matatu:

if (setuid(AID_SHELL) != 0) {
    exit(1);
}

Angalia kuwa hairudii kujaribu, wala haiandiki onyo na kuendelea. Inakufa. Nimeona programu nyingi ambazo kushindwa kwa setuid kunaandikwa kwenye kumbukumbu za matukio kwa herufi kubwa, kisha kazi inaendelea. Onyo hilo halimzuii mtu yeyote. Programu iliyoshindwa kujivua mamlaka haina hali salama ya kurudia. Kosa EAGAIN linasema jaribu tena, na kwa mambo mengine hilo ni shauri jema, lakini hapa aliyejaza daftari anaweza kulijaza siku nzima. Adbd ikifa, hasara ni kwamba kebo haifanyi kazi kwa muda. Hasara hiyo inavumilika.

Watu wa kerneli nao walichukua hatua. Mwaka 2011 Vasiliy Kulikov alileta kiraka kilichohamisha ule ukaguzi wa ukomo kutoka kwenye setuid kwenda kwenye execve, na kikaingia Linux 3.1. Sasa mchakato unaoshuka kwa mtumiaji aliyejaza daftari unakubaliwa kushuka, lakini unawekewa alama, na ukijaribu kuendesha programu nyingine wakati daftari bado limejaa, hapo ndipo unakataliwa. Lengo la 2003 limebaki, maana seva ya wavuti huendesha programu ya mteja kwa execve. Maelezo ya kiraka yalisema wazi kwa nini: programu nyingi mno zilikuwa hazisomi jibu la setuid zikiamini kuwa ruti hawezi kukataliwa, na matokeo yake yalikuwa watu kupanda mamlaka mara kwa mara.

Nadhani walifanya sawa. Wapo waliosema kerneli haina wajibu wa kufunika uzembe wa waandishi wa programu, na kwa nadharia wana hoja. Lakini programu zilizokosea zilikuwa tayari kwenye mamilioni ya mashine, na kerneli ndiyo iliyobadilisha tabia ya setuid mwaka 2003 ikiwa waandishi wengi wameshajenga nyumba zao juu ya tabia ya zamani. Anayehamisha mpaka ana sehemu yake ya wajibu kwa wanaojikwaa. Hata hivyo asije mtu akaona Linux 3.1 na kurudi kulala. Setuid bado inaweza kushindwa, kwa mfano kerneli inapokosa kumbukumbu ya kuandaa taarifa za mtumiaji mpya, na ukurasa wa mwongozo wa Linux unasema bila kuzunguka kwamba kutokagua jibu lake ni kosa zito la usalama.

Je, kusoma jibu kunatosha? Hapana. Juni 2000, miaka kumi kabla ya adbd, ilikuwepo kesi ambayo jibu lenyewe lilipotosha. Linux 2.2 ilikuwa imegawanya mamlaka ya ruti vipande vipande, kimoja kikiitwa CAP_SETUID, yaani uwezo wa kubadilisha namba za mtumiaji utakavyo. Kasoro ya kerneli ilimruhusu mtumiaji wa kawaida kukitoa kipande hicho kisha kuita programu yenye mamlaka ya ruti, nayo ikaanza bila kipande hicho. Sendmail, programu ya barua pepe iliyokuwa kila mahali siku hizo, ilikuwa mojawapo.

Ili kuelewa kilichotokea ni lazima kujua kwamba mchakato haubebi namba moja ya mtumiaji, hubeba tatu. Kuna namba halisi ya aliyeuanzisha, kuna namba inayotumika sasa hivi kwenye maamuzi, na kuna namba iliyohifadhiwa, ambayo mchakato unaweza kuirudia baadaye. Setuid ikiitwa na mwenye CAP_SETUID hubadilisha zote tatu, na hapo hakuna kurudi. Ikiitwa na asiye nacho hubadilisha ile inayotumika tu. Katika hali zote mbili jibu ni 0, imefanikiwa. Sendmail iliomba kushuka, ikajibiwa 0, ikaendelea kutekeleza maagizo ya mtumiaji ikiamini imeshashuka, kumbe namba iliyohifadhiwa bado ni 0. Mtumiaji akaomba setuid ya kurudi juu, akapewa. Kasoro hiyo ilisajiliwa kama CVE-2000-0506. Kerneli 2.2.16 iliirekebisha, na sendmail 8.10.2 iliongeza tahadhari yake yenyewe: baada ya kushuka, inajaribu kwa makusudi kurudi kuwa ruti, na ikifanikiwa inakataa kufanya kazi.

Tahadhari hiyo ya sendmail naiona kuwa busara kubwa zaidi katika suala hili zima, na inashangaza kuona inavyosahaulika. Usiamini kwamba umejivua kwa sababu umeambiwa umejivua. Jaribu kuvaa tena.

Kwa anayeandika leo kwa C juu ya Linux, njia ninayoipendekeza ni kuachana na setuid kabisa na kutumia setresuid na setresgid, ambazo huzitaja namba zote tatu kwa uwazi, hivyo hakuna kubahatisha ipi imebadilika. Anza na setgroups, kisha setresgid, kisha setresuid, kila moja ikikaguliwa na programu ikifa palepale ikishindwa. Halafu isome hali halisi kwa getresuid na getresgid na ulinganishe na ulichokusudia. Halafu ujaribu kurudi kuwa 0 na uhakikishe unakataliwa. Mistari hii haizidi thelathini, inaandikwa mara moja, na hakuna sababu ya kuifupisha. Kama mkusanyaji wako (compiler) anakuonya kuwa jibu la setuid limetupwa, na glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, imewekewa alama ya kumfanya aonye, lichukulie onyo hilo kama kosa la kusimamisha kazi.

Wenye programu zenye nyuzi nyingi (threads), yaani zinazofanya kazi kadhaa sambamba ndani ya mchakato mmoja, wana jambo la ziada la kuangalia. Kwenye Linux kerneli huhesabu mamlaka kwa kila uzi peke yake. Maktaba ya glibc hufanya kazi ya ziada ya kuziarifu nyuzi zote zibadilike pamoja, lakini anayeita kerneli moja kwa moja bila kupitia maktaba atashusha uzi mmoja na kuziacha nyingine zikiwa ruti. Lugha ya Go, ambayo huzalisha nyuzi bila mwandishi kuziona, ilikaa miaka kadhaa ikiikataa kabisa setuid kwenye Linux kwa sababu hiyo, hadi toleo la 1.16 la mwaka 2021 lilipopata njia ya kuzibadilisha zote kwa pamoja. Kukataa kwa sauti kwa miaka yote hiyo kulikuwa bora kuliko kukubali nusu.

Na pale inapowezekana, usizaliwe ruti. Huduma inayowashwa na systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma kwenye Linux nyingi, inaweza kuandikiwa User= kwenye faili lake, na mwashaji ndiye atakayeshusha mamlaka kabla mstari wa kwanza wa programu yako haujaendeshwa; akishindwa, programu haianzi.

Adbd yenyewe bado huanza kama ruti, kwa kuwa sababu ya wahandisi kuitaka hivyo haijaondoka. Lakini msimbo wa kushuka haukuachwa kwenye mistari mitatu tena. Sasa hupitia maktaba iitwayo minijail, iliyotokana na mradi wa Chromium OS, ambayo huua mchakato hatua yoyote ya kushuka inaposhindwa. Juu yake ipo SELinux, mfumo wa kerneli wa sheria za nini kila mchakato unaruhusiwa kugusa, iliyoanza kulazimishwa kwa sehemu kwenye Android 4.4 na kwa mfumo wote kwenye 5.0, ambayo haimheshimu ruti kwa sababu tu ni ruti. Na kabla ya kubadilisha namba ya mtumiaji, adbd kwenye simu za madukani hupunguza ile orodha ya juu kabisa ya uwezo ambao mchakato na vizazi vyake wanaweza kuupata. Hata namba 0 ikisalia kwa ajali yoyote, sheli itakayozaliwa kwa execve haitarudishiwa tena mamlaka yote kama ilivyotokea 2010.